Mtindi mezani kwa aliyekata wanga

Wiki ya kwanza ya kukata wanga huwa haina maswali mengi. Ugali unatoka, wali unatoka, chapati na maandazi vinafuata, viazi vinaagwa, soda inabaki kwa wageni. Nyama, samaki, mayai na mboga za majani viko upande huu, vingine vyote upande ule. Kisha jioni moja mtu anafungua jokofu, anakutana na chupa ya mtindi, na hesabu inamvurugikia. Mtindi ni maziwa, na maziwa yana sukari. Lakini si ndio huohuo tunaoambiwa bakteria wake wamekwisha kula sukari yote?

Ukiuliza, utapata majibu mawili yanayopingana, na kila anayejibu ana uhakika. Wapo wanaosema mtindi ni sukari ya kunywa, uachwe kama soda. Wapo wanaosema unywe utakavyo, kwani Wamasai wameishi kwa maziwa ya kibuyu miaka nenda rudi na hawakukijua kisukari. Jibu la kwanza limezidisha hofu. La pili limezidisha matumaini, nalo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu linawataja watu wa kwetu bila kuwauliza walikuwa wakinywa kiasi gani.

Maziwa ya ng'ombe yana sukari yake ya asili, laktosi, kiasi cha gramu 5 hivi katika kila mililita 100. Glasi ya mililita 250 kwa hiyo ina gramu 12 hivi. Hiyo ni nyingi au kidogo? Inategemea umejiwekea mpaka wapi. Watafiti wengi huuita mlo wa wanga kidogo ule usiofika gramu 130 kwa siku. Watu wa keto, yaani wanaobana wanga kwa ukali zaidi, hushuka chini ya 50, na wakali wao huishia 20. Kwa aliyeweka mpaka wa 100, glasi moja ya mtindi ni jambo la kawaida kabisa. Kwa aliyejifunga kwenye 20, glasi hiyohiyo ni nusu ya siku yake.

Tuweke ugali pembeni yake ili tuone vizuri. Unga wa mahindi una zaidi ya gramu 75 za wanga katika kila gramu 100, na mtu mzima mwenye njaa anaweza kumaliza ugali uliosongwa kwa unga wa gramu 150 akauliza kama umebaki. Hapo amekula zaidi ya gramu 110. Aliyekuwa akila ugali na mtindi, kisha akaacha mtindi na kubaki na ugali, ameacha kitu kisichofaa kuachwa. Nimekutana na watu wa namna hiyo, na sababu yao ni kwamba mtindi "una sukari".

Sasa, bakteria wanafanya nini hasa? Yogati huundwa na wawili, Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus, wanaopenda joto la nyuzi 42 hadi 45 na kumaliza kazi kwa saa chache. Mtindi wa viwandani na mala ya Kenya kwa kawaida hutegemea bakteria wa jamii ya Lactococcus, ambao hufanya kazi taratibu katika joto la chumba, usiku kucha. Wote huivunja laktosi na kuigeuza sehemu yake kuwa asidi laktiki, ile inayoleta uchachu na kuyafanya maziwa yagande. Wale wa yogati hutumia zaidi glukosi na kuiacha nyuma sehemu kubwa ya galaktosi, ambayo nayo ni sukari.

Kazi hiyo haifiki mwisho. Asidi ikishakuwa nyingi, bakteria wenyewe wanazidiwa nayo na kulegea. Kwa kawaida huwa wameivunja robo ya laktosi, au zaidi kidogo, na iliyobaki inabaki. Ukiacha mtindi saa ishirini na nne badala ya nane, utakuwa mchachu zaidi na sukari itapungua zaidi kidogo, lakini haitakwisha. Anayekuambia mtindi wake hauna wanga kabisa ama hajapima ama ana mtindi wa kuuza.

Kuna ubishi mmoja wa zamani kuhusu hesabu ya wanga kwenye lebo, na unastahili kusimuliwa kwa sababu umewapa watu ruhusa wasiyoistahili. Mwishoni mwa karne ya 19, mkemia wa Marekani Wilbur Atwater alieneza namna ya kuhesabu virutubisho ambayo viwanda vingi bado vinaifuata: pima maji, pima protini, pima mafuta, pima majivu, kisha toa vyote kwenye gramu 100. Kinachobaki kiite wanga. Njia hiyo inafaa kwa mchele na maharage. Kwenye mtindi inaleta utata, kwa maana asidi laktiki si maji, si protini, si mafuta wala si majivu, hivyo inahesabiwa kuwa wanga ingawa imekwisha kuacha kuwa sukari.

Mwaka 1999 Wamarekani wawili, Jack Goldberg na Karen O'Mara, walitoa kitabu cha mlo kiitwacho The GO-Diet wakaishikilia hoja hiyo. Walisema kikombe cha yogati isiyo na sukari, kefir au maziwa ya siagi (buttermilk) kihesabiwe gramu 4 tu za wanga, hata kama lebo inasema 12. Waliokata wanga walishangilia, na hesabu hiyo inazunguka mpaka leo. Hoja yenyewe ni ya kweli, ila imevutwa kupita urefu wake. Asidi laktiki kwenye mtindi wa kawaida ni kama gramu 1 katika kila gramu 100. Kwenye kikombe cha gramu 250 basi unaruhusiwa kupunguza gramu mbili na nusu. Kumi na mbili inakuwa tisa na kitu. Haiwi nne. Anayetaka kuwa salama ahesabu kama lebo inavyosema, na hicho kidogo kinachozidi akichukulie kuwa akiba.

Nirudi kwa Wamasai.

Mwaka 1964 daktari George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, alichapisha na wenzake utafiti walioufanya Tanganyika. Walikuta watu wanaoishi kwa maziwa na nyama, chakula ambacho kwa elimu ya wakati ule kilitakiwa kiwajaze kolesteroli na kuwaua kwa moyo. Walikuta kolesteroli ya chini na dalili chache mno za ugonjwa wa moyo. Mwaka 1972 Mann akaja na taarifa nyingine, ya uchunguzi wa maiti 50 za wanaume wa Kimasai. Mishipa yao ilikuwa na utando wa mafuta kama ya wazee wa Marekani, ila ilikuwa imepanuka, na njia ya damu ilibaki wazi. Kisha mwaka 1974 akachapisha jaribio alilofanya na Anne Spoerry, yule daktari wa shirika la afya la AMREF aliyekuwa akirusha ndege mwenyewe kwenda kutibu vijijini Kenya. Waliwapa vijana wa Kimasai maziwa ya kuganda kwa wingi, na kolesteroli yao ilishuka ingawa waliongezeka uzito. Mann akaanza kuamini kwamba ndani ya yogati kuna kitu kinachoshusha kolesteroli. Tafiti za baadaye hazikumuunga mkono kwa sauti moja, lakini jina la Wamasai lilikuwa limeshaingia kwenye vitabu vya mlo, na halijatoka.

Siku hizi limeingia upande wa pili. Wahubiri wa keto huwataja Wamasai kama ushahidi kwamba binadamu anaweza kuishi bila wanga. Hapa ndipo ninapoomba karatasi na kalamu. Watafiti waliandika kwamba msimu wa neema kijana wa Kimasai aliweza kunywa lita kadhaa za maziwa kwa siku. Tuchukue lita 3 tu. Maziwa hayo yalianza na laktosi ya gramu 140 na ushee. Ondoa iliyoliwa na bakteria ndani ya kibuyu, bado zinabaki zaidi ya gramu 100. Akifika lita 4 amekwisha kuuvuka mpaka wa gramu 130. Huyo si mtu wa keto. Wala hakuwa mtu wa wanga kidogo siku hizo za maziwa mengi. Alikuwa mtu asiyekula nafaka, asiyejua sukari ya dukani, anayetembea na ng'ombe kutwa nzima juani, na anayeshinda na njaa kiangazi kikikaza. Kumchukulia maziwa yake peke yake, ukamwachia ile miguu, ni kuchagua unachokipenda. Na hata bomani mambo yamegeuka: chai ya maziwa yenye sukari nyingi na uji wa mahindi vimekwisha kuwa chakula cha kila siku.

Kilicho cha kujifunza kwao, kwa maoni yangu, ni namna ya kutunza maziwa. Kibuyu husafishwa kwa kijinga cha mti wa oloirien, ambao ni mzeituni wa porini. Kijinga kinasuguliwa ndani, moshi na joto vinaua wadudu wengi wasiotakiwa, harufu inabaki, na maziwa yanayowekwa humo yanageuka kule naoto, mazito na machachu, bila sukari ya mtu yeyote. Wakalenjin wa Kenya wana mursik yao, inayolazwa kwenye kibuyu kiitwacho sotet, kilichopakwa ndani mkaa wa mti wa senetwet. Ndiyo ile wanayonyweshwa wanariadha wakirudi na medali. Mursik ina neno lake, na sipendi kulificha: watafiti waliopima sampuli zake wamekuta asetaldehidi, kemikali inayohusishwa na saratani ya umio, na eneo hilo la Bonde la Ufa lina wagonjwa wengi wa saratani hiyo. Sababu ziko nyingi na hazijatenganishwa zote. Kwa anayekunywa mursik ya sherehe sioni tatizo. Kwa anayetaka kuifanya dawa ya kila asubuhi, mtindi safi wa kawaida unamtosha.

Tumbo nalo lina kauli. Watu wazima wengi duniani hupoteza uwezo wa kumeng'enya laktosi baada ya utoto, kwa kuwa mwili hupunguza kimeng'enya cha laktesi. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, kati yao wanasayansi wa Afrika Mashariki, walitangaza kwamba wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan wanayo mabadiliko yao wenyewe ya vinasaba yanayoendeleza laktesi hadi utu uzima, tofauti na yale ya Wazungu, na kwamba yalizuka katika miaka elfu kadhaa tu iliyopita. Walipima watu 470. Maana yake kwetu ni kwamba katika nyumba moja ya Dar es Salaam au Nairobi, baba wa ukoo wa wafugaji anaweza kunywa maziwa matamu yaliyochemshwa bila wasiwasi, na mama wa ukoo wa wakulima akavimbiwa kwa kikombe hichohicho. Mtindi huwapatanisha. Sehemu ya laktosi imekwisha kuvunjwa, na bakteria walio hai huingia na kimeng'enya chao na kuendelea na kazi ndani ya utumbo. Ndiyo sababu Rwanda kuna vibanda vya maziwa ambako mtu hukaa akaagiza ikivuguto kama mwingine anavyoagiza bia, na Wasomali wana suusac ya ngamia. Maziwa machachu yamewabeba watu wengi ambao maziwa matamu yangewatesa.

Kwa mwenye kisukari kuna jambo linalozungumzwa kidogo. Ukinywa mtindi usio na sukari kisha ukajipima na ile mashine ya kidole, sukari ya damu hupanda kidogo tu. Unafurahi. Lakini mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walipima vitu viwili kwa pamoja, sukari na insulini, baada ya watu wazima wenye afya kunywa maziwa ya kawaida na ya kugandishwa. Sukari ilipanda kidogo sana ikilinganishwa na mkate mweupe. Insulini ilipanda karibu sawasawa na ile ya mkate. Protini za maziwa, hasa zile zinazobaki kwenye maji ya mtindi, huita insulini hata pale ambapo sukari ni chache. Wapo waliolichukua jambo hili wakasema basi maziwa yanenepesha. Mimi sioni kama utafiti huo unasema hivyo. Mwenye kisukari cha aina ya pili ambaye kongosho lake bado linafanya kazi anaweza kunufaika na insulini inayokuja mapema. Lakini yule ambaye uzito umegoma kushuka, na anakunywa mtindi mara nne kwa siku kwa kuwa mashine haipandi, ana sababu ya kuutazama upya.

Huko Marekani, tarehe 1 Machi 2024 mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ilikubali ombi la kampuni ya Danone, ililoliwasilisha tangu 2018. Watengenezaji wa yogati wakaruhusiwa kuandika kwamba kuila mara kwa mara, angalau vikombe viwili kwa wiki, huenda kukapunguza hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili. Ruhusa hiyo ina mkia: lazima iandikwe kwamba ushahidi ni mdogo. Na ni ushahidi wa kufuatilia watu wanaokula yogati, ambao wengi wao pengine huishi vizuri kwa mengine pia. FDA yenyewe ilionyesha wasiwasi kwamba maneno hayo yataishia kwenye vikombe vilivyojaa sukari. Mtu akikuletea habari hii kama ushindi, mwonyeshe mkia wake.

Na vikombe vilivyojaa sukari ndivyo vinavyotuharibia sisi. Ingia supamaketi yoyote, simama mbele ya friji la maziwa, soma. Kikombe cha gramu 150 cha stroberi au vanila mara nyingi hukaribia gramu 20 za wanga, na zaidi ya nusu yake ni sukari ya kiwandani. Tunda lililochorwa kwenye kifuniko mara nyingi ni jemu au harufu. Zile zilizoandikwa hazina mafuta zina mtego wake: mafuta yakiondolewa, uzito na ladha vinaondoka nayo, na vinarudishwa kwa maziwa ya unga, wanga wa mahindi au sukari. Aliyekata wanga hana sababu ya kukimbia mafuta ya maziwa, kwa hiyo achukue ile yenye mafuta yake yote, yenye orodha fupi: maziwa na bakteria. Orodha ikifika mstari wa tatu, rudisha rafuni.

Mtaani hali ni nyingine. Kwenye vibanda vinavyouza maziwa mgando, mtindi wenyewe mara nyingi ni mzuri kuliko wa supamaketi, mzito, mchachu, hauna kitu. Balaa liko kwenye kopo la sukari lililowekwa mezani. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 za sukari, na hakuna mtu anayesawazisha kijiko kibandani. Vijiko vitatu vya kurundika vinaipita laktosi yote iliyokuwa ndani ya glasi. Halafu mtu huyo anakwenda kusema mtindi umempandisha sukari! Ulimi huzoea uchachu ndani ya wiki mbili tatu. Wakati unasubiri uzoee, mdalasini, iliki ya kusaga au chumvi kidogo na pilipili manga vinasaidia. Asali haisaidii. Asali ni sukari.

Hilo la chumvi na pilipili linanipeleka jikoni, ambako naona mtindi umetumiwa chini ya uwezo wake. Sisi tumezoea kuunywa, na kinywaji hakihesabiki, kwa kuwa glasi ya pili huja yenyewe. Ukiugeuza kuwa kitoweo, kiasi kinapungua bila mtu kujinyima. Pwani wanajua siku nyingi: nyama ya biriani hulazwa kwenye mtindi na tangawizi, kitunguu saumu na viungo, asidi ikailainisha, na sosi ikawa nzito bila unga. Biriani bila wali ni nyama nzuri tu. Magharibi mwa Kenya mboga za kienyeji, kunde, managu na mrenda, hupikwa kwa maziwa au malai mpaka uchungu unakatika. Vijiko vitatu vya mtindi mzito juu ya mchicha uliotoka motoni vina wanga wa gramu mbili tatu, na mchicha unaliwa na hata wasioupenda. Tango lililokunwa, kitunguu saumu, chumvi na mtindi ni kachumbari ya kutosha kwa kuku wa kuchoma.

Ndugu zetu wa Oman na Ghuba wana kitu kinachomfaa aliyekata wanga kuliko mtindi wa glasi: labneh, yogati iliyochujwa mpaka ikashika kisu. Kuitengeneza nyumbani hakuhitaji chombo chochote cha ajabu. Chemsha lita moja ya maziwa halisi. Yachemke kwelikweli, kwa sababu kuganda peke yake si kinga: vijidudu vya bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe vinaweza kuishi ndani ya maziwa mabichi yaliyoganda, na bruselosi ni homa inayomla mtu miezi huku akitibiwa malaria. Acha yapoe mpaka kidole kinavumilia ukihesabu hadi kumi. Koroga humo vijiko viwili vya yogati isiyo na sukari, mimina kwenye hotpoti au chungu kilichofungwa blanketi, usikisogeze mpaka asubuhi. Baada ya hapo mimina kwenye kitambaa safi cha pamba, funga, ning'iniza juu ya bakuli ndani ya jokofu. Saa nne zinatosha kupata yogati nzito ya kijiko. Usiku mzima unakupa labneh.

Kinachotoka ni maji ya rangi ya kijanikijani, na humo ndimo sehemu kubwa ya laktosi na asidi inamokimbilia. Lita moja hukuachia gramu 400 hivi za yogati nzito, yenye protini gramu 8 hivi na wanga gramu 4 hivi katika kila gramu 100. Ukila gramu 100 umeshiba, ambapo glasi ya mtindi ingekupa wanga mara mbili na zaidi ukabaki na njaa. Tia chumvi, mafuta ya zeituni au samli, pilipili. Ukiikausha zaidi unakaribia jibini, na jibini gumu lililokaa miezi halina laktosi ya kuhesabu: nyingi ilitoka na maji, iliyobaki bakteria waliimaliza. Samli na siagi hazina shida yoyote ya wanga. Malai yana mafuta mengi na wanga kidogo tu. Kefir iko karibu na mtindi kwa hesabu, ingawa punje zake zina chachu pamoja na bakteria.

Kabla hujaanza lolote kati ya haya, kama unameza dawa ya kisukari ya glibenklamidi au unachoma insulini, ongea na daktari wako wiki moja kabla ya kukata wanga, si wiki moja baada. Dozi iliyopangwa kwa mtu anayekula ugali mara mbili kwa siku inaweza kumwangusha mtu anayekula mchicha na labneh. Wanaotumia dawa za kisukari za jamii ya dapagliflozini wasiingie keto bila usimamizi, kwa kuwa damu yao inaweza kujaa asidi hata sukari ikiwa inaonekana nzuri. Mwenye ugonjwa wa figo naye ana hesabu nyingine, ya potasiamu na fosforasi, na maziwa yanavyo vyote viwili.

Yale maji ya kwenye bakuli usiyamwage, na usiyanywe wewe, maana yamebeba wanga uliokuwa ukiukimbia. Yanakaa vizuri kwenye jokofu siku kadhaa, na yana uchachu unaolainisha unga. Waliobaki na wanga nyumbani watakandiwa chapati kwayo, na zitakuwa laini kuliko zile za juzi.